Afande, Inabidi Nikuambie

Mhadhiri wetu wa semina alitupa kazi iliyoonekana nyepesi. Kila mmoja achague waraka wa kihistoria usiozidi ukurasa mmoja, autafsiri kwa Kiswahili, kisha atetee maneno aliyoyachagua. Wenzangu walichukua mikataba ya machifu na barua za wamisionari. Mimi nilichukua maneno yaliyonaswa na kamera ya gari la polisi usiku wa tarehe 6 Julai 2016, katika barabara ya Larpenteur, mji mdogo wa Falcon Heights, jimbo la Minnesota nchini Marekani. Mazungumzo yenyewe hayafiki hata dakika moja. Nilidhani ningemaliza jioni moja. Nilikaa nayo wiki tatu.

Muda mwingi ulikwenda kwenye sentensi moja tu. Dereva ni Philando Castile, miaka 32, msimamizi wa chakula katika shule ya msingi ya J. J. Hill mjini St. Paul. Amesimamishwa kwa sababu taa za breki haziwaki zote. Pembeni yake amekaa mpenzi wake, Diamond Reynolds, na nyuma yuko binti wa Reynolds mwenye miaka 4. Polisi, Jeronimo Yanez, anasogea dirishani. Wanasalimiana. Yanez anaeleza habari ya taa, anaomba leseni na bima. Castile anampa karatasi ya bima. Halafu anasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na karani wa benki:

Afande, inabidi nikuambie, nina silaha ya moto hapa mwilini.

Sekunde zilizofuata unaweza kuzihesabu kwa vidole. Polisi alifyatua risasi 7, na 5 kati yake zilimpata Castile, ambaye bado alikuwa amefunga mkanda wa gari. Reynolds akawasha simu na kurusha moja kwa moja Facebook yaliyokuwa yakiendelea. Ndiyo maana wengi wetu, hata huku, tuliijua habari hii kabla ya kumjua mtu mwenyewe.

Nilianza na neno la kwanza. Castile anamwita polisi "sir". Kamusi inanipa "bwana". Lakini kwetu, bwana kwa polisi ni neno la mtu anayekaribia kuanzisha ugomvi. Aliyesimamishwa na trafiki pale Ubungo hasemi bwana. Anasema afande, na kama ni mdogo kiumri anatanguliza shikamoo. Neno lenyewe lina asili ya Kituruki, likapita katika majeshi ya kikoloni, likatua kwenye dirisha la daladala. Ni neno la heshima yenye woga kidogo ndani yake, na unaposikiliza sauti ya Castile, heshima hiyo ipo. Nikaandika afande, nikasonga mbele.

Kilichonikwamisha ni "inabidi". Kiingereza alichosema Castile kinabeba maana ya kulazimika, bila kusema analazimishwa na nini. Kiswahili kinanitaka niamue. Lazima ni neno la sheria na la mzazi mkali. Nina wajibu ni neno la dhamira. Sina budi ni la vitabuni. Inabidi ni la hali: mvua imenyesha, barabara imefungwa, inabidi tulale hapahapa. Ili nichague, ilikuwa ni lazima nijue kitu gani kilimlazimisha mtu huyu kusema. Nikaenda kwenye sheria ya Minnesota.

Sheria ya Minnesota haikumlazimisha.

Nilisoma mara mbili nikidhani nimeruka mstari. Mtu mwenye kibali cha kubeba bastola katika jimbo hilo anatakiwa awe na kadi ya kibali na kitambulisho, na avionyeshe polisi akidai kihalali. Polisi akimuuliza kama ana bastola, anatakiwa ajibu kweli. Asipoulizwa, hadaiwi kusema chochote. Yanez hakuuliza. Aliomba leseni na bima, basi. Castile alikuwa na kibali halali alichopewa na ofisi ya sherifu wa kaunti ya Hennepin, na angeweza kukaa kimya, akapewa onyo la taa za breki, akaenda zake nyumbani.

Kwa nini basi alisema inabidi? Swali hilo ndilo lililonitoa Minnesota na kunirudisha nyuma miaka 200.

Sisi tunaotazama filamu za Marekani tunadhani nchi ile daima imebariki bastola za kiunoni. Kwa bastola iliyofichwa, mambo yalianza kinyume. Mwaka 1813 Kentucky na Louisiana zilipitisha sheria za kukataza kubeba silaha kwa kificho, na majimbo mengine ya Kusini yakafuata. Fikra ilikuwa rahisi: mtu mwema akibeba silaha ataibeba waziwazi, kila mtu aione, anayeificha ana lake jambo. Mwaka 1850 Mahakama ya Juu ya Louisiana ilisema karibu hayohayo. Kubeba silaha hadharani ilikuwa ni haki na tena uungwana. Kuificha ni kujiandaa kumvizia mwenzako. Kwa hiyo mtu anayemwambia askari "nina bastola, ila huioni" alikuwa, kwa fikra za wakati ule, anakiri kosa.

Lakini "mtu mwema" aliyetajwa na majaji wale alikuwa mzungu. Watu Weusi walikuwa na historia yao ya pembeni. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Jaji Mkuu Roger Taney alieleza kwa nini haiwezekani watu Weusi wawe raia wa Marekani. Aliorodhesha mambo ya kutisha ambayo yangefuata: wangeingia jimbo lolote wapendalo, wangefanya mikutano ya siasa, wangesema hadharani yanayosemwa na raia wengine. Mwishoni akaweka hili: wangemiliki na kubeba silaha popote waendapo. Hakuhitaji kufafanua. Wasomaji wake walijua picha aliyowachorea.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, utumwa ukafutwa, na kabla mwaka 1865 haujaisha Mississippi ikapitisha sheria inayosema kwamba mtu Mweusi aliye huru hawezi kumiliki wala kubeba bunduki isipokuwa awe jeshini au apewe leseni na bodi ya kaunti yake. Neno leseni linanivutia hapa. Tumezoea kuliona kama neno la usawa: timiza masharti, lipa ada, chukua kadi. Katika sheria ile leseni ilikuwa ni ya rangi moja tu. Mzungu hakuihitaji.

Katiba ilipobadilishwa mwaka 1868, sheria zikaacha kutaja rangi. Utekelezaji haukuacha. Mwaka 1893 Florida ilianza kudai leseni kwa yeyote anayebeba silaha za moto za aina fulani. Sheria haikuwa na neno "mweusi" wala "mweupe". Mwaka 1941 kesi ya mtu aliyekutwa na bastola garini ilifika Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, na Jaji Rivers Buford akaandika maoni yake ambayo mimi bado nashangaa kwamba yaliandikwa kwenye karatasi rasmi. Alisema anaijua historia ya sheria hiyo. Ilitungwa wakati vibarua Weusi walipokuwa wakimiminika kwenye kambi za mbao na tapentaini. Lengo lilikuwa kuwanyang'anya vibarua hao silaha. Haikukusudiwa kamwe kuwahusu wazungu, na kwa vitendo haijawahi kuwahusu. Jaji alisema hivyo bila aibu, kama mzee wa kijiji anayewaeleza wageni kwa nini kisima kimechimbwa pale.

Tarehe 30 Januari 1956 nyumba ya Martin Luther King Jr. mjini Montgomery, Alabama, ilipigwa bomu. Mkewe na mtoto wao mchanga walikuwa ndani. King, ambaye baadaye dunia nzima ingemjua kwa kukataa silaha, aliomba kibali cha kubeba bastola. Akanyimwa. Sheria iliwapa maofisa wa eneo uamuzi wa nani anafaa na nani hafai, na mchungaji aliyetoka kulipuliwa nyumba hakufaa.

Nasimulia haya yote kwa sababu yanabadilisha maana ya kadi ile iliyokuwa kwenye pochi ya Castile. Alikuwa nayo. Ofisa wa serikali alikagua jina lake, akaona hana rekodi ya kumzuia, akampa. Kwa miaka zaidi ya mia, hicho ndicho hasa watu wa rangi yake walichonyimwa.

Kuna kisa kingine ambacho huwezi kukikwepa, cha watu waliofanya kinyume kabisa na alivyofanya Castile. Oktoba 1966, mjini Oakland, California, Huey Newton na Bobby Seale walianzisha chama cha Black Panther. Newton alikuwa amesoma somo la sheria chuoni na alijua kwamba California inaruhusu kubeba bunduki yenye risasi hadharani mradi haijafichwa na haijaelekezwa kwa mtu. Basi wakawa wanafuata magari ya polisi usiku. Polisi akimsimamisha mtu Mweusi, Panther wanashuka na bunduki zao, wanasimama kwa umbali unaoruhusiwa, wanatazama. Wakiulizwa, Newton alijibu kile tu sheria inachodai. Zaidi ya hapo alimsomea polisi vifungu.

Newton hakuwa na haja ya kumwambia polisi kwamba ana bunduki. Ilionekana toka ng'ambo ya barabara. Na hakuna sehemu katika maisha yake ambapo angesema inabidi.

Jibu la serikali halikuchelewa. Mbunge Don Mulford alipeleka muswada wa kukataza kubeba bunduki yenye risasi mahali pa umma. Tarehe 2 Mei 1967 Panther wapatao 30, wanaume na wanawake, waliingia na bunduki zao katika jengo la bunge mjini Sacramento kuupinga, na picha zao zikatapakaa nchi nzima. Kabla Julai haijaisha gavana alikuwa ameshautia saini. Gavana huyo ni Ronald Reagan, na chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kiliunga mkono sheria hiyo. Anayetaka kucheka acheke hapa, maana mbele hakuna nafasi.

Miaka 10 baadaye, 1977, kundi la wanachama wenye msimamo mkali liliteka uongozi wa NRA katika mkutano wake wa Cincinnati, na chama kikawa kile tunachokijua leo. Mapigano yakahamia majimboni. Mwaka 1987 Florida ileile ya Jaji Buford ilipitisha sheria iliyokuja kuigwa kila mahali: ofisa hana tena hiari ya kukunyima, ukitimiza masharti, ni lazima akupe kibali cha kubeba bastola iliyofichwa. Majimbo yakafuatana kama kondoo mlangoni. Minnesota ilipitisha ya kwake 2003, mahakama zikaifuta kwa sababu ilipachikwa kwenye muswada wa mambo mengine, bunge likaipitisha tena 2005. Illinois ilikuwa ya mwisho kuacha kukataza kabisa kubeba bastola iliyofichwa, 2013.

Hapo ndipo mantiki ya 1813 ilipogeuka kichwa chini miguu juu. Sasa kuificha ndiyo adabu. Mwalimu wa mafunzo anakwambia usiwatishe watu sokoni, vaa shati refu. Bastola ya wazi ndiyo inayowafanya watu wapige simu polisi.

Lakini kificho kikihalalishwa, polisi anayesogelea dirisha la gari usiku anabaki na swali lake. Hofu hiyo siidharau. Kuna polisi waliouawa dirishani namna hiyo. Baadhi ya majimbo yakajibu kwa kumtwisha dereva wajibu wa kusema. Michigan inamtaka mwenye kibali amweleze polisi papo hapo anaposimamishwa, bila kuulizwa. Ohio nayo ilikuwa na sharti la kusema mara moja, na kutosema kulikuwa kosa la jinai, mpaka ilipobadilisha sheria mwaka 2022. Majimbo mengine, kama Minnesota, yakasema jibu ukiulizwa.

Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Raia anasema, polisi anashukuru, kila mtu anajua kilichopo. Tatizo ni kwamba sheria inaamuru kusema, haiwezi kuamuru kusikilizwa.

Ushahidi upo kwenye video. Juni 2011, mjini Canton, Ohio, polisi wawili walilikuta gari limesimama usiku. Dereva alikuwa na kibali na alijua sharti la kusema mara moja. Anaonekana akijaribu kusema, kibali kikiwa mkononi, na polisi wanamkatisha. Alipopata nafasi ya kutamka, dakika kadhaa zilikuwa zimepita. Polisi mmoja akalipuka. Alimwambia kwamba angepaswa kuchomoa bastola yake na kummiminia risasi 10. Halafu wakamkamata na kumshtaki kwa kosa la kutosema kwa wakati.

Sasa nirudi Falcon Heights, maana nilishaanza kuelewa kwamba "inabidi" ya Castile haikutoka kwenye kitabu cha sheria.

Redio ya NPR ilipitia kumbukumbu za mahakama baada ya kifo chake, ikakuta kwamba katika miaka 13 hivi alikuwa amesimamishwa barabarani angalau mara 46. Faini zilizidi dola 6,000. Makosa mengi kati ya yale aliyoandikiwa yalifutwa baadaye. Mengi yalikuwa ya aina ile ambayo polisi hawezi kuiona akiwa nje ya gari: leseni iliyositishwa kwa faini isiyolipwa, bima iliyokwisha muda. Yaani alisimamishwa kwanza, kosa likatafutwa baadaye. Usiku ule wenyewe Yanez alimwambia mwenzake kwenye redio, kabla hajamsimamisha, kwamba dereva anafanana na mshukiwa wa wizi wa kutumia silaha, kwa sababu ya pua yake pana. Taa ya breki ilikuwa ni kisingizio chenye nguvu za kisheria.

Mtu aliyesimamishwa mara 46 ana utaalamu wake. Anajua kuzungumza polepole. Anajua kuwa polisi asishtuke. Mama yake, Valerie Castile, alisimulia kwenye televisheni kwamba alimfundisha mwanawe jambo moja kuhusu polisi: tii. Alisimulia pia kwamba siku hiyohiyo Philando na dada yake, ambaye naye alikuwa na kibali, walikuwa wakizungumza habari za bastola zao. Dada akasema hapendi hata kuibeba, kwa sababu anaogopa polisi watampiga risasi kwanza na kuuliza maswali baadaye. Mazungumzo ya kawaida ya ndugu. Saa chache tu kabla.

Nadhani hapo ndipo inabidi yake ilipotoka. Hakuwa akitii kifungu. Alikuwa akimtunza polisi, akimpa habari kabla hajaigundua mwenyewe na kuogopa. Alichukua mzigo wa kumtuliza mtu mwenye bunduki. Na ndiyo maana mwishowe sikuandika lazima.

Angalia pia alivyoiita. Hakusema "gani", neno la mtaani na la filamu. Alitumia neno la fomu na la darasa la mafunzo, ndiyo maana nimetafsiri silaha ya moto, ingawa najua hakuna Mswahili anayesema hivyo akiwa ndani ya gari. Alijitambulisha kwa lugha ya mwenye kadi. Ni kana kwamba neno lenyewe lingemwonyesha polisi kibali kabla mkono haujakitoa.

Hapa ndipo Kiswahili kiliponisaliti. Baada ya Castile kusema, Yanez anajibu: sawa. Halafu: basi usiichukue. Castile anaanza: nilikuwa na... Polisi anamkatiza: usiitoe. Castile: siitoi. Reynolds naye anasema haitoi. Polisi, kwa kelele sasa: usiitoe! Kisha milio.

Kiambishi hicho -i- ndicho kilichoninyima usingizi. Sisi huwa tunajisifu kwa ngeli. Tunasema Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kwa kila kitu kisicho na uhai, lakini kwetu kiti kina ki- na mti una u-, huwezi kuchanganya. Nikatazama vitu vilivyokuwa pale. Bastola: i. Silaha: i. Leseni, ile ambayo polisi mwenyewe aliiomba sekunde chache kabla: i. Pochi inamokaa leseni: i. Bima: i. Vyote ngeli moja. Kijana anaambiwa atoe leseni, halafu anaambiwa asiitoe. Ipi? Kwa Kiingereza haieleweki, na kwa Kiswahili, kati ya lugha zote, haieleweki vilevile.

Kitenzi nacho ni shida. Kiingereza kina neno la mkono ambao umeanza safari lakini haujafika, na hilo ndilo alilotumia polisi. Sisi hatuna neno moja kwa jambo hilo. Tuna kugusa, kushika, kuchukua, ambayo yote ni mkono uliokwisha kufika. Usiichukue inampa Castile nafasi kubwa kuliko aliyopewa. Katika Kiingereza cha Yanez, mkono wenyewe kuwa njiani ilikuwa tayari ni hatia.

Na mkono ulikuwa uende wapi? Leseni ilikuwa kwenye pochi. Bastola ilikutwa baadaye kwenye mfuko wa mbele wa kaptula yake, upande wa kulia, ikiwa haina risasi kwenye chemba. Kuitii amri ya kwanza kulionekana kama kuvunja ya pili.

Siku chache baada ya kifo, wakili wa Yanez aliwaambia waandishi kwamba jambo hili halikuhusu rangi hata kidogo, lilihusu kuwepo kwa bastola. Mahakamani Yanez alisema aliiona bastola na aliogopa kufa. Alisema pia harufu ya bangi garini ilimwongezea hofu. Mimi si mwanasheria. Ninachokiona kama mwanafunzi wa historia ni kwamba bastola ile iliingia katika mazungumzo kwa njia moja tu, mdomo wa mwenye nayo. Mshukiwa wa wizi aliyekuja kuiba au kuua hamtangulizii polisi taarifa. Maneno ambayo sheria za Michigan na Ohio ziliyaona kama alama ya raia mwema yaligeuka, mara tu yalipotamkwa na mtu yule, kuwa sehemu ya ushahidi dhidi yake. Majaji wa 1850 wangeyaelewa. Kwao, kutaja silaha iliyofichwa kulikuwa ni kukiri.

NRA ilitoa taarifa siku mbili baada ya tukio. Haikumtaja Castile kwa jina. Ilisema ingezungumza zaidi ukweli wote ukijulikana. Wanachama wake wengi, wakiwemo wazungu wenye vibali vilevile, walikasirika hadharani, na hilo ni haki kulisema.

Yanez alishtakiwa Novemba 2016 kwa kuua bila kukusudia na kwa kufyatua silaha kwa namna ya kuhatarisha maisha ya Reynolds na mtoto. Tarehe 16 Juni 2017 jopo la raia 12 lilimkuta hana hatia kwa mashtaka yote. Video ya kamera ya gari ilitolewa kwa umma siku 4 baadaye. Maana yake wengi waliisikia sentensi ile kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wanajua hukumu.

Tangu hapo sheria zimeendelea kulegea. Leo zaidi ya nusu ya majimbo hayadai kibali chochote kwa mtu mzima anayetaka kuficha bastola, na sharti la kusema limepungua pia, kama Ohio. Na Februari 2022, mjini Minneapolis, umbali mfupi wa gari kutoka Falcon Heights, polisi waliingia kwenye nyumba alfajiri kwa hati isiyowataka wabishe hodi. Amir Locke, miaka 22, alikuwa amelala kwenye sofa chini ya blanketi. Alikuwa na bastola yake ya halali. Hakuwa mtu waliyekuwa wakimtafuta. Alipigwa risasi kabla sekunde 10 hazijaisha. Yeye hakupata nafasi ya kusema inabidi wala lazima.

Semina ilipofika nilisoma tafsiri yangu kwa sauti, na ilichukua muda mfupi kuliko salamu zetu za asubuhi. Mwenzangu mmoja, ambaye baba yake ni polisi, aliuliza kwa nini nimeandika afande wakati yule si jeshi. Nikamjibu kuhusu Ubungo. Mhadhiri aliuliza kuhusu mstari wa mwisho, ule ambao Castile aliusema baada ya risasi. Kwa Kiingereza alisema kwamba hakuwa akipeleka mkono kuichukua. Nilikuwa nimejaribu kumsaidia. Katika rasimu ya kwanza niliandika, kwa maelezo ya pembeni, kwamba alikuwa akichukua kitambulisho, ili angalau kiwepo kile kiambishi ki- kitakachomtofautishia mikono miwili. Nilikifuta usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Hakulisema neno hilo.

Nimeacha: sikuwa naichukua.